Mgeni wa Amantaní

Kazi yangu ni kuwaambia watu "pole pole". Nilianza mlimani Kilimanjaro kama mgumu, yaani mpagazi, mzigo kichwani, baadaye nikapata leseni ya kuongoza wageni, na maneno hayo nimeyasema njia nzima ya Marangu mpaka yanatoka yenyewe. Kisha mzee mmoja Mjerumani niliyempandisha Kibo akanialika tuzunguke naye Ziwa Titicaca, upande wa Peru, kila mtu na begi lake mgongoni.

Ziwa hilo liko mita 3,812 juu ya usawa wa bahari. Horombo, tunapowalaza wageni ili miili izoee hewa, ni mita 3,720. Yaani pale Puno, mjini kabisa, penye soko na watoto wanaokimbiza mpira, watu wanalala juu kuliko Horombo na hawana habari. Usiku tuliofika kwa basi kutoka Arequipa, kichwa kiliniuma kana kwamba wageni wangu wote wamekuja kulipiza kisasi. Mzee alikuwa mzima wa afya. Alinipa chai ya majani ya koka, akacheka: "Pole pole, rafiki."

Asubuhi, kwenye boti, mkono wangu ulikwenda wenyewe kumpokea begi. Akakataa.

Tulipitia visiwa vya Wauru, vinavyoelea juu ya matete ya totora. Ya chini yakioza, wanaongeza mapya juu. Ukikanyaga panabonyea. Tukamenyewa shina jeupe la tete tukala, halafu biashara ikaanza, na kwa kweli ilikuwa na presha. Sikuwalaumu. Na mimi ni mtu wa utalii.

Amantaní ndiyo iliyonikaa moyoni. Kisiwa hakina magari, na wageni hugawiwa familia kwa zamu ili kila nyumba ipate. Gatini alitupokea mama mmoja aliyejitanda shela nyeusi yenye maua ya kutarizi, umri wa shangazi yangu. Akashika begi langu. Nikalivuta. Akalivuta. Mzee pembeni anakufa kwa kicheko. Nikashinda, ila kwa shida.

Akatangulia kupanda, akawa anasimama kila baada ya hatua kadhaa na kunigeukia. Nikagundua anatazama midomo yangu. Mimi nawatazama wageni hivyohivyo: midomo ikianza kuwa ya buluu, au mtu akijibu ovyo, safari inasimama. Sijawahi kutazamwa vile. Akachuma mmea wa porini waitao muña, akausugua viganjani, akaniwekea puani. Una harufu ya mnanaa, kali. Kifua kikafunguka.

Jioni tulipanda hadi hekalu la Pachatata, zaidi ya mita 4,100, kwa mwendo wake mama yule.

Usiku jikoni kulikuwa na supu ya kinoa, viazi na jibini ya kukaanga. Wenyeji huongea Kikechua. Mume alijua Kihispania, na mzee akawa mkalimani. Nikawaonyesha Kilimanjaro kwenye simu. Baba akaitazama picha kwa muda mrefu, akauliza huko juu wanalima nini. Nikasema hakuna anayelima, mashamba yanaishia chini ya msitu. Wanafuga? Hapana. Basi nani anaishi huko? Hakuna.

"Sasa mnapanda kufanya nini?"

Nikamnyooshea mzee kidole. "Muulize huyu. Ndiye aliyelipa."