Kabla ya Kuhama Nairobi Tuliuliza Maji Kwanza

Mwezi wa Desemba, shule zikiwa zimefungwa, familia yetu ya watu sita itahama mtaa wa Kahawa West na kwenda kuishi katika mji wa Wote, Kaunti ya Makueni. Nimeishi Nairobi miaka 19, na uamuzi huu ulituchukua zaidi ya mwaka pamoja na safari saba. Ninaeleza jinsi tulivyoufikia kwa sababu wazazi wengi ninaozungumza nao wanatafuta mji mdogo wa kulelea watoto, na wengi wao wanautafuta kama nilivyoanza kuutafuta mimi: wanakwenda Jumamosi, wanakula nyama choma, wanatazama milima, kisha wanaulizia bei ya ploti.

Tuliulizwa mara nyingi kwa nini tusirudi kwetu Busia, na swali hilo linastahili jibu. Ekari moja na nusu aliyoacha marehemu baba iligawanywa kwa ndugu watano, na sehemu iliyonifikia inatosha nyumba, haitoshi kulea watoto watatu. Isitoshe, kazi yangu ya kuhariri vitabu hunitaka nifike Nairobi mara mbili kwa mwezi, na mke wangu, ambaye hushona sare za shule, hununua vitambaa vyake Eastleigh, papo hapo Nairobi. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba mji wetu uwe ule ambao mtu anaweza kuondoka asubuhi, akafanya shughuli zake Nairobi, na ikibidi akarudi jioni ile ile.

Tulianza na Nyahururu, na ningependa kusema wazi kwamba niliupenda mji huo. Maziwa na viazi ni tele, na ukitembea alfajiri unapishana na wakimbiaji waliokwenda kufanya mazoezi kule kwa sababu ya mwinuko wake wa zaidi ya mita 2,300. Lakini tulikwenda Julai, na kitinda mimba wetu ana pumu. Usiku wa pili alikohoa tangu saa tano hadi kukapambazuka, nami nikakaa naye nimemfunika mablanketi mawili, nikimhesabia pumzi. Asubuhi hatukuhitaji mjadala.

Nanyuki tulikwenda Februari. Mji huo uko kilomita 200 hivi kutoka Nairobi, una maduka, una hospitali, na tangu mwishoni mwa 2020 treni ya abiria imerudi kwenye reli yake ya zamani. Kodi za nyumba, hata hivyo, hazikuwa na tofauti kubwa na zile za Kahawa West, kwa kuwa watalii, wanajeshi wa Uingereza wanaofanyia mafunzo yao katika eneo hilo na watu wa Nairobi wenye nyumba za mapumziko wote wanagombea nafasi ile ile. Dalali mmoja alitupeleka kwenye ploti nje kidogo ya mji, akatuonyesha bomba na kusema maji yapo. Nililifungua bomba hilo kwa mkono wangu. Lilitoa hewa, likatema mchanga mwekundu kidogo, kisha likanyamaza. Dalali akasema ilikuwa siku ya mgao. Mama aliyekuwa akianika nguo upande wa pili wa ua akatuambia kwa upole kwamba tangu Krismasi hawajaona tone.

Nilirudi nyumbani nikasoma na kuuliza zaidi. Mito inayoteremka kutoka Mlima Kenya kuelekea Ewaso Ng'iro huchotwa na mashamba mengi kabla ya kufika bondeni, na katika miezi ya kiangazi vyama vya watumiaji wa maji hulazimika kupanga zamu ili walio chini nao wapate. Si kosa la mtu mmoja. Ila mgeni anayefika wakati mto umejaa hawezi kuliona jambo hilo, naye atalijua akiwa tayari amelipa. Tangu siku hiyo tukajiwekea sharti kwamba mji wowote tungeuona katika mwezi wake mbaya kuliko yote.

Mwezi mbaya wa Wote ni Septemba. Ukambani, ulipo mji huo, mvua za vuli, zinazoanza Oktoba, ndizo wakulima wanazozitegemea kuliko za masika, na masika yakiisha Mei ardhi hukaa karibu miezi mitano bila mvua ya maana. Tulipofika, miti ilikuwa imepukutisha majani isipokuwa miembe, na vumbi lilitufikia magotini. Katika mto mmoja uliokauka tuliwakuta wanawake wamechimba shimo katikati ya mchanga, wakiteka maji kwa kibuyu, kikombe kwa kikombe, na kuyamimina katika mitungi ya lita 20. Mmoja wao alitueleza kwamba mchanga huyahifadhi maji chini jua lisiyafikie, na ndiyo maana watu wa kule huchukizwa na malori yanayokuja kuuzoa mchanga kwa ajili ya ujenzi mijini. Mimi niliyezoea kuyaona malori hayo Nairobi sikuwahi kufikiri kwamba yanabeba kisima cha mtu.

Hesabu ya maji tuliifanya mezani, mimi na mke wangu, kwa kalamu na karatasi. Hapa Kahawa West, ambapo maji ya bomba hutoka siku mbili kwa juma, tulikuwa tumejipima na kuona kwamba watu sita tunatumia lita 200 kwa siku, yaani mitungi kumi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Basi paa la mita za mraba 80, mvua ya milimita 25 ikinyesha na mifereji ya paa ikiwa mizima, litatupa lita 2,000, ambazo ni matumizi ya siku kumi. Tangi la lita 10,000 likijaa litatuvusha siku 50. Kiangazi cha siku 150 kinahitaji lita 30,000. Mke wangu aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu, akaniambia, "Baba watoto, tangi peke yake halitatufikisha. Tutafute nyumba yenye bomba linalofanya kazi Septemba, tangi liwe la kusaidia." Ndivyo tulivyofanya. Nyumba nyingi tulizoonyeshwa zilitegemea visima vya kuchimbwa kwa mashine, na katika mojawapo tulikaribishwa chai ambayo, pamoja na sukari yote iliyotiwa, ilibaki na ladha ya chumvi. Nyumba ya tano ilikuwa na bomba la mradi wa maji linalotoka siku tatu kwa juma. Hatukuridhika na maneno. Tulilala katika nyumba ya wageni jirani siku nne, na kila asubuhi nilikwenda kulifungua.

Jambo la pili lilikuwa usiku wa ugonjwa. Katika mmoja wa miji tuliyoizuru, ambao sitautaja, nilikwenda saa nne za usiku kwenye kliniki yenye bango la huduma za saa 24, nikamkuta mlinzi peke yake, akaniambia daktari angefika asubuhi. Wote ndiyo makao makuu ya kaunti, na hospitali ya rufaa ya kaunti iko pale mjini. Nilifika usiku, nikauliza kama mtoto mwenye pumu anaweza kupata oksijeni na mvuke wa dawa wakati huo, nikaonyeshwa chumba, mashine na muuguzi wa zamu. Haya ni matunda ya ugatuzi wa madaraka kwa kaunti ulioanza 2013, na nadhani sisi wa Nairobi hatujatambua vya kutosha jinsi ulivyoibadilisha miji iliyokuwa vituo vya wilaya tu.

Shule haikutusumbua sana. Kifungua mimba wetu ataanza shule mpya Januari, kwa hiyo hatakatiza muhula. Aliyenitia wasiwasi ni wa pili, wa Gredi ya 2, kwa kuwa mtaala unaagiza watoto wadogo wafundishwe kwa lugha inayozungumzwa mahali walipo, naye hajui neno la Kikamba. Mwalimu mkuu alituhakikishia kwamba mjini darasa huchanganyika na Kiswahili hutumika. Tukiwa bado ofisini, binti yetu alisimama kando ya uwanja akiwatazama wasichana wakicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira. Mmoja akamrushia mpira wa soksi bila kusema lolote, naye akaudaka, akaingia.

Ardhi hatutainunua sasa. Tutapanga nyumba mwaka mmoja, tuvione vipindi vyote vya mvua na kiangazi, kisha ndipo tufanye upekuzi kwenye sajili ya ardhi na kuomba idhini ya bodi inayosimamia mauzo ya mashamba. Niliwahi kutamani kuiruka hatua hiyo ya kupanga, na mke wangu ndiye aliyenizuia.

Aliyebaki ni mama yangu, mwenye umri wa miaka 71. Alitusikiliza kwa wiki kadhaa bila kuchangia. Jioni moja, wengine wamekwisha kulala, akaniita. "Mwanangu, na nikifia huko, nitazikwa wapi?" Nikamjibu kwamba atalala Busia, kando ya baba, na kwamba sehemu yangu ya shamba sitaiuza kwa sababu hiyo. Akanyamaza kitambo. Kisha akaniuliza kama mwenye nyumba huyo wa Wote anakubali kuku. Nilimpigia simu kesho yake. Alisema kumi wanaruhusiwa, mradi wafungiwe ndengu za jirani zikianza kuchipua, na mama ameanza kuwachagua.