Kutoka Fargo hadi Bismarck, Kando ya Reli Iliyouza Ardhi

Tuliondoka Fargo asubuhi moja ya Februari, mimi na binamu yangu anayesomea kilimo huko North Dakota, tukashika barabara kuu inayofuatana na reli iliyojengwa na kampuni ya Northern Pacific. Upepo ulikuwa ukipeperusha theluji barabarani. Nilimsimulia kuhusu Jay Cooke, mwenye benki wa Philadelphia aliyeuza hati fungani za kampuni hiyo, yaani hati za kuikopesha fedha, na ramani za miaka ya 1870 zilizoonyesha nchi hii kuwa na hali ya hewa ya upole, hata wenye dhihaka wakaiita ukanda wa ndizi. Binamu, ambaye amekulia Bukoba migombani kama mimi, alicheka mpaka kioo kikaingia ukungu.

Lakini Cooke alikuwa na sababu. Mwaka 1864 Bunge la Marekani liliipa kampuni takriban ekari milioni 40, bila kuwauliza Walakota na wenyeji wengine. Reli isingejilipa mpaka ardhi iuzike, na ardhi isingeuzika mpaka watu wa mbali waiamini.

Benki yake ilianguka Septemba 1873. Tulipofika Casselton, penye maghala marefu ya nafaka kando ya reli, tulikuwa mahali ambapo kampuni ilipata tangazo lililo bora zaidi, kwa maoni yangu, kuliko ramani zote. George Cass, aliyekuwa rais wa kampuni, na mkurugenzi Benjamin Cheney walikuwa wametoa hati fungani zao zilizoshuka thamani, wakapata badala yake maelfu ya ekari, wakamkabidhi Oliver Dalrymple, mkulima wa ngano kutoka Minnesota. Alivuna mwaka 1877, na mwaka uliofuata Rais Rutherford Hayes mwenyewe alikuja kulitazama shamba.

Bismarck tuliingia alasiri. Mji huo ulianza mwaka 1872 ukiitwa Edwinton, kwa heshima ya mhandisi wa reli. Mwaka uliofuata ukapewa jina la Kansela wa Ujerumani, kwa matumaini ya kuvuta mitaji na walowezi wa Kijerumani. Mgahawani tuliagiza knoephla, supu ya viazi na vidonge vya unga. Iliingia na Wajerumani waliokuja baadaye, wengi wao wakitokea Urusi, ambako Kansela huyo hakuwahi kuwatawala.