Neno Ambalo Malkia Hakulisema

Wapendwa katika Bwana,

Ukimtaja Marie Antoinette, malkia wa Ufaransa, hukosi mtu wa kudakia: "Si ndiye aliyesema kama maskini hawana mkate, basi wale keki?" Hakuna ushahidi kwamba alisema hivyo. Mwandishi Jean-Jacques Rousseau aliandika kisa hicho, cha binti wa kifalme asiyetajwa jina, wakati Marie Antoinette bado ni mtoto kwao Austria. Aliolewa Ufaransa mwaka 1770, akiwa na miaka 14.

Simsafishi. Alitapanya fedha kwa mavazi na kamari nchi ikiwa na madeni, na mwaka 1792 aliwavujishia Waaustria mipango ya vita ya Ufaransa. Hayo ni yake, abebe. Lakini ule mkufu wa almasi wa mwaka 1785, aliosingiziwa kuuagiza, hakuuagiza. Matapeli walighushi sahihi yake. Mahakama ikamtia hatiani mwanamke aliyepanga njama, mitaani wakaendelea kumsema malkia.

"Usivumishe habari za uongo," inasema Kutoka 23:1. Na aya ya tatu inakataza kumpendelea hata maskini katika kesi yake. Kwa hiyo tukimwonea mkubwa kwa sababu ni mkubwa, bado tumeonea.

Mapinduzi ya Ufaransa yalipouangusha ufalme, malkia alishtakiwa. Kufikia kesi yake, Oktoba 1793, waliompokonya mwanawe Louis-Charles wa miaka minane walikuwa wamemfanya mtoto atie sahihi kwenye maneno machafu: kwamba mama yake na shangazi yake Élisabeth walimnajisi. Malkia alinyamaza. Alipobanwa ajibu, aliwageukia akina mama wote waliokuwemo ukumbini, wao wamwamulie.

Alihukumiwa kifo. Alfajiri ya Oktoba 16, saa kumi na nusu, alimwandikia Élisabeth barua. Aliwasamehe adui zake, akataka mwanawe asije akalipiza kisasi. Kisha akamwombea mtoto huyohuyo: wifi yangu, msamehe, fikiri umri wake, na jinsi ilivyo rahisi kumsemesha mtoto lolote mtu atakalo. Mama aliyechafuliwa kwa kinywa cha mwanawe, saa chache kabla ya kukatwa kichwa, anahangaika mtoto asije akachukiwa! Barua haikumfikia Élisabeth, naye akauawa Mei 1794.

Wiki hii tusome Kutoka 23:1-9. Tuwaombee waliosingiziwa, hasa watoto waliolazimishwa kutoa ushahidi dhidi ya wazazi wao.