Nilivyoacha kumwaga maji ovyo kwa mgonjwa wa septiki shoki

Septiki shoki ni pale maambukizi yanapoangusha presha mpaka viungo vinakosa damu. Naanza na aibu yangu. Mwaka wa kwanza kazini, hospitali ya wilaya, naiti niko na sista mmoja tu, analetwa mama wa kilo kama 60, nimonia, presha 70 kwa 40, ameshaanza kuweweseka. Bosi wangu alikuwa na msemo mmoja, "hiyo ni kiu, mwagia maji mpaka presha isimame." Basi nikamwaga! Ringa, yaani dripu ya maji ya chumvi, chupa ya nusu lita, ya kwanza, ya pili, mpaka ya nane, najiona fundi kweli. Saa tisa usiku presha 85, nachekelea mwenyewe, sista ananiambia dokta hebu msikilize anavyopumua. Kifuani kunatokota kama sufuria ya maharage, oksijeni 82. Dripu nikaifunga kwa mkono unaotetemeka, tukamkalisha, tukahangaika naye mpaka jua linatoka. Yeye alipona, mimi ndo sikupona mapema.

Mwongozo wenyewe wa kutibu septiki shoki unasema mililita 30 kwa kilo ndani ya masaa matatu, yaani kwa yule mama chupa tatu na nusu hivi, sio nane jamani. Na hata hizo kuna watu zinawazamisha, Lusaka walifanya utafiti ukatoka 2017, watu wazima 212, waliowekwa kwenye utaratibu wa maji mengi ya haraka walikufa 48%, waliotibiwa kama kawaida 33%. Na wengi wao walikuwa na VVU, wagonjwa kama wetu hawa hawa.

Siku hizi kila chupa lazima initongoze kwanza. Naomba slaidi maabara, kile kikioo cha darubini, nakandamiza nacho ncha ya kidole sekunde kumi, naachia nahesabu, damu ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde tatu bado kuna shida. Halafu nanyanyua miguu, damu kama mililita 300 inapanda kwenye moyo, ni kama umemuonjesha maji bila kufungua chupa.

Hapo napo nilichemka. Mara ya kwanza nilimbeba kaka mmoja miguu kwa mikono yangu, presha ikapanda, nikashangilia, kumbe nimembana kidonda anaugulia maumivu! Anatakiwa aanze amekaa nusu, kisha kichwa kishuke miguu ipande, usimguse. Sasa vitanda vyetu mpini ulishakufa zamani, nikabuni: kiti cha plastiki nakipindua nyuma ya mgongo, nikishapima presha nakichomoa nakisukuma chini ya godoro miguuni, napima tena ndani ya dakika moja. Pengo la presha ya juu na ya chini likitanuka, nampa mililita 250. Lisipotanuka maji basi, naanza noradrenalini, dawa ya kubana mishipa ipandishe presha, ikikosekana natumia adrenalini, kwenye kanula ya kijani, ile nene ya mshipani, na sista habanduki pale. Mapafu nayasikiliza kila chupa.

Juzi bosi kapita raundi, kakuta mgonjwa miguu juu, presha 110, mkojo unatoka vizuri. Kaangalia chini ya godoro muda mrefu, akauliza, "Hiki si kiti cha ofisini kwangu?"