Karanga bustanini: tunza udongo wa juu

Karanga huchanua juu na kuzaa chini. Ua likishachavushwa hutoa kikonyo kinachojichimbia ardhini, na ganda hukua humo. Ndiyo maana udongo mgumu hukunyima mavuno hata majani yakistawi. Tifua sentimita 20, na kama ni mfinyanzi changanya mchanga.

Menya mbegu siku ya kupanda, bila kuchubua ngozi yake. Panda moja moja, kina sentimita 5, sentimita 10 kati ya mimea na 50 kati ya mistari. Mbegu ya Pendo, ya kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, hukomaa mapema, takriban siku 100.

Vikonyo vikianza kushuka, weka jembe kando kabisa. Magugu yang'olewe kwa mkono. Maganda matupu mara nyingi ni upungufu wa kalsiamu, hivyo nyunyiza jasi mimea inapochanua. Mche uliodumaa, wenye majani ya njano yaliyosongamana, una virusi vinavyoenezwa na vidukari: ung'oe upesi.

Chimbua shina moja kwanza. Ndani ya maganda kukiwa na weusi, vuna. Anika juu ya turubai mpaka punje zilie ukitikisa. Zenye ukungu tupa, tafadhali: sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kukaangwa.