Viazi vya Hasselback kwa Shangi: kumbukumbu ya trei nne

Lengo: viazi vinane vilivyochanwa kama kurasa za kitabu bila kuachana chini, vikauke juu, ndani viwe laini, vipakuliwe kando ya kuku au samaki wa kuoka. Mtindo wenyewe umetoka mkahawa wa Hasselbacken, Stockholm. Viazi ni aina ya Shangi kutoka soko la Marikiti, Nairobi, gramu 120 hadi 140 kila kimoja, vyenye umbo la yai. Vilivyoingia rangi ya kijani vimetupwa, maana sumu yake haiishi kwa kupikwa.

Trei ya 1. Vijiti viwili vya mishikaki vililazwa kandokando ya kiazi ili kisu kigote kabla ya kufika ubaoni. Kijiti ni kama milimita 3 tu, bawaba (sehemu ya chini isiyokatwa, inayoshika kurasa pamoja) ikabaki nyembamba mno, na viazi vitatu vikakatika mikononi. Vilivyopona vilitoka vimegandamana kama tofali: wanga unaotoka kwenye mkato hugeuka gundi ukipata joto.

Trei ya 2. Vijiti vikabadilishwa na mipini ya miiko miwili ya mbao, milimita 8 hivi. Bawaba ikashika. Lakini ncha zikaanguka, kwa sababu kiazi hupinda kuelekea juu mwishoni, na pale ncha yote iko juu ya mipini. Dawa ni kuacha sentimita 1 kila upande bila kukata. Chini panyolewe kipande chembamba ili kiazi kitulie bila kubiringika. Ganda lisimenywe, ndilo linaloshikilia bawaba. Mikato iachane kwa milimita 3: ikizidi 5 kiazi hakifunguki.

Baada ya kukata, dakika 10 kwenye maji baridi, kiazi kikipindwa taratibu ili maji yapite kati ya kurasa, na maji yabadilishwe hadi yaache kuwa meupe. Kisha kilazwe mikato ikitazama chini juu ya kitambaa. Usiharakishe hapa. Kiazi chenye maji huiva kwa mvuke, na rangi hakipati.

Trei ya 3. Siagi ilipakwa tangu mwanzo, oveni nyuzi 220. Ndani ya dakika 35 kingo zilikuwa nyeusi: maziwa yaliyomo kwenye siagi huungua mapema. Samli haina shida hiyo. Kitunguu saumu nacho kiliungua kikawa kichungu.

Kosa jingine lilikuwa kipimajoto. Mapishi ya ng'ambo hutaka katikati ya kiazi pasome nyuzi 98. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na kiazi chenye unyevu hakivuki hapo. Kungoja 98 ni kungoja kiazi kiwe gome. Tumia kijiti cha mishikaki: kikizama hadi kwenye bawaba bila kugoma, kimeiva.

Trei ya 4, iliyokubali. Nyuzi 220, trei katikati. Dakika 30 za kwanza mafuta ya kupikia tu, vijiko 2 vya mezani, na chumvi. Kiazi kikitoka hapo kurasa zimelegea, hufunguka kwa ncha ya kisu butu. Kabla ya hapo zitavunjika. Mwaga samli gramu 60 iliyoyeyushwa, ipenye kati ya kurasa, urudishe dakika 25. Dakika 8 za mwisho: kitunguu saumu punje 3 zilizosagwa ndani ya kijiko cha samli, chenga za mkate mkavu, jibini kidogo. Dania baada ya kutoa.

Kwa oveni ya gesi inayopiga moto kutoka chini, pandisha trei ngazi moja, la sivyo bawaba itakuwa mkaa. Stima ikipotea katikati, usifungue mlango: joto lililobaki huendelea kulainisha, rangi utamalizia ikirudi.

Inayofuata, trei ya 5: vipimo vilevile kwa Dutch Robijn, aina ya viazi vya ganda jekundu inayopendwa kwa krispi.