Siku bureti zilipokuja na Noah

Mpaka naingia Kidato cha Tatu, taitresheni, yaani kudondoshea besi asidi mpaka zimalizane ili ujue imetumika kiasi gani, nilikuwa naijua kama Baba Yetu. Methili oranji, dawa ya kuonyesha rangi, kwenye besi njano, kwenye asidi nyekundu, ukifika mwisho rangi ya machungwa. Bureti yenyewe, ule mrija wa kioo wenye vipimo na koki ya kudondoshea asidi, niliiona kwenye picha tu. Ilikuwa 2014, mwaka wa michango ya maabara. Rais Kikwete alishaagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara za fizikia, kemia na baiolojia, na wazazi wetu walikamuliwa kweli kweli. Kwetu kuta zilikuwa zimefika kwenye linta, na ndani walishinda mbuzi wa jirani.

Wakaja wanafunzi wa ualimu wa chuo kikuu kutoka Dodoma, wamebanana kwenye Noah, bureti zimeviringishwa kwenye kanga. Walibeba na madumu ya maji ya betri, maana maji ya kisima chetu yana chumvi, yangevuruga kila kitu. Madawati yakasogezwa, stendi zikasimamishwa.

Kundi letu lilipewa dada mmoja asiye na haraka.

"Mkono wa kushoto kwenye koki, wa kulia unatikisa flaski. Polepole, mdogo wangu, tone kwa tone."

Njano ikabaki njano mpaka tukaanza kuguna. Halafu tone moja tu likadondoka, flaski nzima ikageuka. Watu walipiga kelele hadi darasa la jirani wakachungulia.

Lakini utamu ulikuwa baadaye. Kundi la mbele lilisoma mililita 24.6 za asidi, sisi 24.8, wale wa dirishani 26 na ushei. Kwenye daftari zetu majibu hayakuwahi kugombana hivyo. Nilitegemea dada atuambie nani kapata, naye akaziandika zote ubaoni, akageuka: "Asidi ni ileile, besi ni ileile. Tofauti imetoka wapi?"

Kimya. Mmoja akasingizia bureti mbovu. Ndipo kijana wa dawati la nyuma, ambaye kwenye kemia hajawahi kunyoosha mkono, akasema wale wa dirishani aliwaona wakisuuza bureti kwa maji na kujaza asidi papo hapo, bila kuisuuza kwanza kwa asidi yenyewe. Maji yaliyobaki yameipunguza ukali, ndiyo maana imewabidi kutumia nyingi.

Dada akamwambia arudie kwa sauti. Akarudia, safari hii amesimama.

Jioni Noah ikaondoka na bureti zake, na maabara yetu ikaendelea kusubiri bati. Sitadanganya kwamba darasa zima lilianza kufaulu.

Wiki iliyofuata mwalimu wetu aliandika jedwali la matokeo ubaoni kama kawaida: 24.90, 25.00, 25.00. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, hizi alizipima nani?"

Akacheka, akajikuna kichwa na chaki mkononi. "Nimezipanga mimi. We kokotoa."

Kutoka nyuma sauti ikadakia: "Ndiyo maana zinapatana!"